Tundu la Katikati

Ilpo Raitanen aliyaanza majira ya baridi kwa kubandika tepu. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Mashua zote za klabu zilikuwa zimeshatolewa majini na kupangwa uwanjani juu ya vitako vya chuma, kila moja chini ya turubai lake, na yeye alikuwa amepiga magoti ndani ya mashua yake akivuta tepu ya buluu ya wapaka rangi kutoka omo mbele hadi tezi nyuma, katikati ya sakafu, kwa makini kama fundi cherehani anayepima suti ya harusi. Alipomaliza ndani akatoka nje, akaivuta chini ya tumbo la mashua pia. Kulia kwake. Kushoto kwa Veijo.

"Mashua yake" ni kusema tu. Sorsa, kama ilivyoitwa, ilikuwa mashua ya tanga yenye umri wa miaka arobaini na moja, na kwa Ilpo ilikuwa nusu. Nusu ya pili ni ya shemeji yake Veijo, mume wa dada yake Hannele. Au tuseme aliyekuwa mume, maana Oktoba Veijo alitoka nyumbani na masanduku mawili, akahamia chumba cha kupanga ng'ambo ya mto. Hapakuwa na mwanamke mwingine, wala chupa. Walichokana tu, na wakubwa wale walikuwa na haki ya kuchokana. Kilichomuuma Ilpo ni kwamba yeye hakuchoka na mtu, na hakuna aliyemwuliza. Miaka ishirini na miwili, kila kiangazi, amezunguka visiwa vyote vya mbele ya mji wa Turku na Veijo, wamelala mita moja na nusu huyu kutoka kwa yule, wamevumiliana mikoromo, halafu asubuhi moja dada mtu anapiga simu na kusema, "Huyo si shemeji yako tena."

Hannele alitaka mashua iuzwe.

"Sitaki ugomvi naye," alimwambia kaka yake. "Lakini siwezi kila Julai niwe nasikia mko kisiwa gani na mmepika nini. Mimi nimeachana naye. Na wewe achana naye. Au mimi si dada yako?"

Swali la namna hiyo halina jibu zaidi ya moja. Ilpo akaahidi. Walikubaliana kwamba mashua iliyo majini huuzika kuliko iliyo chini ya turubai, kwa hiyo ingeandaliwa wakati wa baridi kama kawaida, ishushwe Mei, na siku hiyohiyo ya kushusha Ilpo ampe Veijo karatasi aitie sahihi. Hannele ameiandika mwenyewe karatasi hiyo, neno la kwanza INAUZWA, kwa herufi kubwa, na nafasi mbili za sahihi chini.

Baada ya kuahidi, Ilpo akashindwa kumtazama Veijo usoni. Akanyamaza kwa aibu. Veijo naye, kuona kimya kile, akadhani shemeji ameshika upande wa dada yake, akanyamaza kwa hasira. Ujumbe wa mwisho aliotuma ulikuwa mfupi: "Mimi kushoto wewe kulia. Nakuja Jumatano na Jumapili." Basi Ilpo akachagua Jumamosi, akanunua tepu.

Watu wazima wawili, mmoja fundi wa lifti, mwingine mtengenezaji wa meno ya bandia, wote wamepita hamsini na tano. Ungewachapa.

Yaliyokuwa lazima yasemwe waliyaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao kilichowekwa juu ya meza ya ndani, kati kwa kati, tepu ikipita chini yake.

"Aliyeacha brashi ya vanishi kwenye kikombe changu anajijua." Huyo Ilpo.

"Kikombe kilikuwa kushoto." Huyo Veijo.

"Kikombe hakina upande."

"Mashua je, ina upande?"

Hilo la mwisho Ilpo hakulijibu. Alilitazama Jumamosi nzima huku akipitisha nyaya.

Kazi ilikwenda, na ilikwenda vizuri, maana mtu akiwa na kinyongo hupiga msasa kwa nguvu. Ilpo alitoa nyaya zote kuukuu za upande wake, akaweka mpya na taa mpya, betri mpya, madirisha mawili akayabandua na kuyabandika upya yasivuje. Veijo akang'arisha mbao za upande wake kwa vanishi mikono saba, zikawaka kama meno anayoyatengeneza. Ilipofika Machi, ukitaka kusoma ndani ya Sorsa ilibidi ukae kulia, na ukitaka uonekane mtu wa maana ukae kushoto. Jiko lilikuwa kulia. Choo kilikuwa kushoto, na mabomba yake ya miaka kumi na mitano yalikuwa yamefika mwisho. Veijo akayatoa peke yake. Ilpo alipoingia Jumamosi akakuta harufu iliyobaki, akaona mabomba mapya yamefungwa kwa ustadi, na moyo ukamsuta, kwa sababu kazi ya choo kila mara waliipigia kura ya njiti, na aliyeshindwa alinunuliwa bia.

Januari theluji ilianguka siku nne mfululizo. Theluji ikilemea turubai huvunja mbao za kulishikilia, na maji yakiingia ndani yakaganda, huna mashua tena. Ilpo alikuja na koleo lake tayari kusafisha nusu yake. Akakuta turubai lote limesafishwa, kushoto na kulia, na nyayo za mtu mmoja zimezunguka pande zote mbili. Akasimama pale na koleo begani. Alitaka kuandika asante kwenye ubao, akashika penseli, akaona aibu ya kumshukuru mtu unayemwandalia karatasi. Akaandika, "Gesi ya jiko imekwisha," akaenda nyumbani.

Sasa, lazima nieleze jambo moja, maana ndilo lililoleta yote.

Chini ya mashua kama ile kuna matundu. La maji ya injini, la sinki, mawili ya choo, na mengine. Sorsa ilikuwa na saba yenye vali. Kila Mei, dakika chache kabla ya kushusha, Veijo alisimama mlangoni akisoma orodha kwa sauti, na Ilpo alitambaa ndani akishika kila vali kwa mkono wake. "Ya injini?" "Imefungwa!" "Ya sinki?" "Imefungwa!" Mmoja anasoma, mwingine anashika. Kusoma bila kushika ni kazi bure, na kushika bila kusomewa utaruka moja. Miaka ishirini na miwili hawakuwahi kuruka.

Tundu la nane halikuwa na vali wala halikuwa kwenye orodha. Lilikuwa katikati kabisa, mbele ya mkuku, ule uti wa chini ya mashua, tundu la kipima mwendo: kifaa cheusi cha plastiki, unene wa gunzi la mahindi, chenye kigurudumu kidogo nchani. Kila vuli Veijo alikichomoa, akakipeleka nyumbani ili mipira yake isikauke kwa baridi, akakitunza droo ya jikoni. Kila Mei alikuja nacho kimepakwa grisi, akamkabidhi Ilpo mkononi, na Ilpo akakichomeka. Halikuandikwa popote kwa sababu halikuhitaji kuandikwa. Lilihitaji tu watu wawili wakutane.

Aprili Ilpo alipaka rangi ya chini upande wake. Alinunua nyekundu. Akapaka hadi kwenye tepu, akalizunguka tundu lile kwa brashi ndogo, nusu duara safi, akawaza, Veijo anacho, ataleta. Siku ya pili yake Veijo akapaka upande wake. Alinunua nyeusi. Naye akalizunguka tundu kwa upande wake, nusu duara safi, na bila shaka akawaza, hilo Ilpo ndiye huchomeka. Tepu ilipita juu yake, ndani na nje. Kila mtu alifika mpakani kwake, akakunja mikono.

Siku ya kushusha ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Mei. Barafu imeshaondoka, maji nyuzi nne, jua la kudanganya. Kreni huja siku moja tu, mashua arobaini na tatu kwa foleni, na wanachama wote hufanya kazi na kula soseji za kuchoma. Anayesimamia ni Tellervo, muuguzi mkuu mstaafu, mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi.

Turubai la Sorsa lilipovuliwa na kreni ikaiinua juu, uwanja mzima ukageuka kutazama. Kisha ukaangua kicheko. Ukisimama kulia ulikuwa unaona mashua nyekundu. Ukisimama kushoto, nyeusi. Ukisimama mbele ilikuwa kama bango la mechi.

"Haya jamani!" akapaza Tellervo. "Nani anacheza nyumbani, na nani mgeni?"

"Hesabu magoli, Tellervo!" akajibu mtu wa foleni.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ilpo aliinama akajifanya anakagua kamba. Alikuwa na karatasi mfuko wa kifuani, pamoja na simu, na ilimchoma kama kaa la moto. Upande wa pili Veijo alisimama na begi lake mgongoni, amekonda, nywele zinahitaji kinyozi. Hawakusalimiana. Mkanda wa mbele wa kreni ulikuwa umepita juu ya tundu la katikati kabisa, hata macho arobaini yaliyokuwa yakicheka hayakuliona.

Sorsa ikagusa maji. Kanuni ya klabu ni kwamba mashua hukaa kwenye mikanda mpaka mwenyewe aingie ndani aseme ni kavu. Wakaingia wawili. Ilpo akafunua mbao za sakafu za upande wake, akashika vali zake tatu: zimefungwa, pamekauka. Veijo akafunua zake, akashika nne. Ubao wa katikati ulikuwa na tepu. Hakuna aliyeugusa.

"Kulia kukavu!" akapaza Ilpo.

"Kushoto kukavu!" akapaza Veijo.

"Sijauliza kulia wala kushoto," akasema Tellervo. "Mashua ni kavu au si kavu?"

"Kavu," wakasema wote wawili, kila mtu kwa wakati wake.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawa walikuwa wawili tu na walitosha. Filimbi ikalia, mikanda ikalegezwa, injini ikawaka, na kreni ikageukia mashua iliyofuata.

Kutoka pale hadi gatini ni mita sitini. Veijo alishika usukani, maana alikuwa karibu nao. Ilpo akashuka ndani kuchukua kamba ya mbele. Alipokanyaga sakafu, soksi ikaloa.

Alitazama chini. Maji yalikuwa yakipanda taratibu kati ya mbao, kushoto na kulia sawasawa, hayajali tepu. Shimo la ngama, chini ya sakafu, lilikuwa limejaa kimya kimya tangu kreni ilipolegeza mikanda, na sasa lilifurika.

"Shemeji!"

Neno la kwanza katika miezi saba, na lilimtoka bila kuomba ruhusa.

"Nini?" Veijo akachungulia, akaona. "Wapi?"

Ilpo alikuwa ameshaungoa ubao wa katikati, tepu ikapasuka. Chini yake maji yaliruka wima, manene kama mkono, baridi ya kukata pumzi. Akalala kifudifudi na kubandika kiganja juu ya tundu. Maji yakakoma. Uchungu ukaanza.

"La katikati," akasema. "Kipima mwendo kiko wapi?"

"Si ulikichomeka wewe?"

"Ulinipa lini?"

Kisha gati likawagonga, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaongoza. Juu zikasikika hatua za Tellervo akidaka kamba na kuwatukana wote wawili kwa majina yao kamili.

"Kreni ina mashua hewani!" akapaza baada ya kuchungulia na kuelewa. "Haiwezi kurudi kabla ya nusu saa. Mna kitu cha kuzibia?"

Walikuwa na vigingi vya mbao laini, kimoja kimefungwa kwa uzi kando ya kila vali, kama kila mwenye akili. Veijo akavijaribu vyote kando ya kiganja cha Ilpo. Vyote vilipwaya, kila kimoja kilichongwa kwa tundu lake dogo. Akawasha pampu. Kisha akachuchumaa, akafuta miwani.

"Kiko kwenye droo," akasema. "Ya pili, chini ya vijiko. Sikukichukua nilipoondoka. Nilichukua nguo tu."

"Kwa Hannele."

"Kwa Hannele."

"Mpigie."

"Mimi? Hatapokea. Anazungumza nami kwa wakili."

"Chukua simu yangu. Mfuko wa kifua. Mimi mkono mmoja hauko huru, Veijo, na wa pili ndio unaonishikilia nisinywe haya maji, fanya haraka!"

Veijo akaingiza vidole mfukoni mwake. Ikatoka simu, na pamoja nayo karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikunjuka yenyewe. Herufi zilikuwa kubwa, hata asiye na miwani angesoma.

Ilpo alifumba macho. Laiti tundu lingekuwa kubwa kidogo, angepita humo akatokea ng'ambo.

Veijo alisoma mpaka chini, penye nafasi mbili za sahihi. Akaikunja karatasi tena, mara nne, akairudisha mfukoni, akapapasa mfuko ufunge. Halafu akapiga simu. Ilpo aliisikia sauti ya dada yake ikipokea kwa haraka: "Umeshamwambia?"

"Hajaniambia," akasema Veijo. "Nimesoma mwenyewe. Hannele, usikate. Sorsa inaingiza maji, ndugu yako ameziba tundu kwa mkono. Droo ya pili, chini ya vijiko, kuna kitu cheusi kwenye kitambaa. Kilete, tafadhali."

Droo ikasikika ikivutwa. Kisha, "Dakika kumi na mbili," na simu ikakatwa.

"Toa mkono," akasema Veijo. "Zamu yangu."

"Bado naweza."

"Umekuwa wa zambarau, shemeji. Toa."

Wakabadilishana, maji yakaruka, wakaloa wote wawili usoni, kiganja cha Veijo kikatua. Akatoa mlio kama wa mtu aliyekanyaga msumari. Ilpo akaketi akibana mkono wake kwapani.

"Nilimwahidi Oktoba," akasema. "Ni dada yangu. Nilishindwa kukuambia, nikashindwa na kumwambia yeye kwamba sitaki. Nimekuwa mwoga miezi saba. Sitaki kuiuza, Veijo. Sijataka hata siku moja."

"Basi mbona ukabandika tepu?"

"Si wewe uliyesema kushoto na kulia?"

"Nilisema tu!" Veijo alipaza sauti kutoka sakafuni, shavu lake karibu na maji. "Nilikuwa na hasira. Nikadhani utakuja useme, 'Veijo, acha ujinga.' Nakuja Jumatano nakuta umebandika tepu mpaka chini ya mkuku, imenyooka kama reli!"

Kwa kweli ilikuwa imenyooka sana.

"Tafuta kitambaa kwenye begi langu," akasema Veijo. "Kitu chochote kinene. Vidole vinakufa."

Ilpo akafungua begi. Ndani palikuwa na mkate mweusi, haradali, vikombe viwili, na soseji nzima ya mviringo, ile nene inayopinda kama kiatu cha farasi, kilo moja kasoro. Kila siku ya kushusha waliichoma moja kama hiyo na kuigawana, Ilpo ncha moja, Veijo ncha nyingine, wakikutana katikati. Akaitoa. Akavitazama vile vikombe viwili.

"Hii ya nani?"

"Yetu. Unadhani mimi peke yangu nitamaliza kilo nzima?"

Mtu aliyenyamaziwa miezi saba, aliyesafishiwa theluji bila asante... la, aliyesafisha yeye, na asante hakupata. Naye bado amebeba vikombe viwili. Ilpo alijifuta pua kwa mkono uliokufa ganzi. Kisha, kwa kuwa ni fundi na macho ya fundi hayapumziki, akaipima soseji ile kwa jicho, akalitazama lile tundu, akaipima tena.

"Veijo," akasema. "Unene wake ni sawa."

"Unene wa nini?"

Ilpo alikuwa ameshakata kipande, urefu wa shibiri.

"Hapana," akasema Veijo. "Usithubutu. Watu wako juu wanatazama."

"Toa mkono."

Ikaingia kama iliyotengenezewa kazi hiyo. Ilpo aliisukuma kwa kiganja, ikakwama, ngozi ikabana, tone moja, mawili, basi. Wakabaki wamepiga magoti wakiitazama ncha ya soseji iliyochomoza sakafuni mwa mashua yao, huku pampu ikiendelea kunguruma. Aliyeanza kucheka ni Veijo. Ilpo akamfuata, na walicheka mpaka Tellervo akaingiza kichwa.

"Mmeziba?"

"Tumeziba."

"Kwa kitu gani?"

Walipomwambia, akatoka bila neno, na sekunde mbili baadaye gati zima lilikuwa linajua.

Hannele alifika kabla ya dakika kumi na mbili kwisha. Alipita katikati ya vicheko bila kugeuka, koti juu ya nguo za nyumbani, akaingia ndani ya mashua aliyokuwa hajakanyaga miaka mingi. Aliona mbao zinazong'aa upande mmoja na taa zinazowaka upande mwingine. Akaona tepu iliyochanika. Akaona soseji.

"Mungu wangu," akasema.

Akamnyooshea Ilpo kile kitu kwenye kitambaa. Ilpo hakukipokea.

"Mpe yeye. Yeye ndiye hunipa mimi."

Hannele alisita, kisha akampa Veijo, bila kumtazama. Veijo akakifungua, akafuta mipira, akaipaka grisi polepole kwa kidole kama afanyavyo kila Mei, akamkabidhi Ilpo mkononi. Ilpo akachomoa soseji, maji yakaruka, akachomeka kipima mwendo, akazungusha pete yake hadi mwisho. Sakafu ikatulia.

"Umeshamwambia?" Hannele akauliza.

"Nimemwambia. Sasa nakwambia wewe." Ilpo alitoa karatasi mfukoni, akaiweka mezani juu ya ule ubao wa penseli. "Siuzi. Nilikuahidi na navunja ahadi, na nina haki ya kutukanwa. Wewe ni dada yangu, na kama hutaki kusikia habari za visiwa, hutazisikia. Lakini wewe ndiye uliyeachana naye. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Macho ya Hannele yalijaa maji, ya hasira au ya jambo jingine. Yeye mwenyewe pengine hakujua. Alitazama ubao, akasoma habari za kikombe, akasoma, "Mashua je, ina upande?" Akaichukua karatasi yake, akaitia mfukoni mwa koti.

"Nimekasirika," akasema. "Nitakasirika muda mrefu. Usinipigie wiki hii."

"Sawa."

Akapanda juu, akashuka gatini. Hakuna aliyemfuata. Ilpo alihisi amekatwa kitu, na akajua kwamba kitu hicho angekilipia kwa kahawa nyingi za Jumapili jikoni kwa dada yake, ikiwa angekaribishwa.

"Turudie," akasema Veijo. "Zote. Kama inavyotakiwa."

Akaenda kusimama mlangoni, akafungua kabati lenye orodha. Ilpo akatambaa.

"Ya injini?"

"Imefungwa!"

"Ya sinki?"

"Imefungwa!"

Ilpo alitambaa kulia, akatambaa kushoto, tepu ikimnata magotini. Veijo alisoma saba zote kwa sauti ileile ya kila mwaka, na Ilpo alishika saba zote kwa mkono ambao bado haukuwa na hisia. Veijo akafunga kabati.

"Na la katikati?"

Sauti ilitoka gatini. Hannele alikuwa bado amesimama pale, mikono mifukoni, ameipa mashua mgongo. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesikiliza orodha ile akiwa amewashikia chupa ya kahawa, akisubiri waimalize.

Veijo alimtazama Ilpo. Ilpo akarudi kwa magoti hadi katikati, akakishika kile kifaa cheusi kwa viganja vyote viwili, akakitikisa. Hakikucheza.

"Limezibwa!" akapaza.

Hannele aliitikia kwa kichwa, akaenda garini kwake.